Mtwa Mkwawa na Tarehe za Ubaoni

Karibu na uwanja wa mstari katika shule yetu pana ubao mdogo, na kila asubuhi huandikwa juu yake swali moja la historia: siku kama ya leo, katika mwaka fulani, palitukia jambo gani? Anayejibu kwanza kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza huandikwa jina lake chini ya swali, na mwisho wa juma hupewa daftari. Mimi ni mmoja wa wale wanaotafuta maswali hayo katika vitabu vya maktaba. Kazi yenyewe ni njema, ila ina hila yake, maana tarehe ni kitu chepesi kukariri. Muhula huu wa pili tumepata tarehe tatu za mtu mmoja: 19 Julai, 17 Agosti na 30 Oktoba. Zote tatu zilijibiwa upesi sana, kengele ikiwa bado. Lakini nilipouliza mtu huyo alikuwa akifanya nini kati ya siku hizo tatu, wengi walitazama chini. Basi nimemwomba Mhariri nafasi, naye amekubali, niwaletee wasomaji habari za maisha ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe kwa mfululizo wake.

Siku ya kuzaliwa kwake haiwezi kuandikwa ubaoni. Wahehe wa wakati ule hawakuhesabu siku kwa kalenda ya karatasi. Vitabu husema alizaliwa mwaka 1855 hivi, mahali paitwapo Luhota, si mbali na mji wa Iringa wa leo. Baba yake alikuwa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Jina lake kamili lilikuwa Mkwavinyika, maana yake mtwaaji wa nchi, na watu wakalifupisha likawa Mkwawa. Mtwa ndilo jina la heshima la mtawala katika Kihehe.

Kabla ya Munyigumba, nchi ile ya milima ilikuwa na watawala wadogo wengi, kila mmoja na bonde lake. Munyigumba ndiye aliyewaunganisha, mmoja kwa vita na mwingine kwa kuoa na kuozana, akapigana na Wasangu wa Merere upande wa magharibi na Wangoni upande wa kusini. Alipofariki mwaka 1879 aliacha nchi kubwa, jeshi lililozoea vita, na ugomvi. Mkwawa alikuwa kijana wa miaka 24 hivi. Mkwewe Munyigumba, jina lake Mwambambe, aliutaka utawala, na kwa muda Mkwawa alilazimika kuikimbia nchi. Wazee wa Uhehe husimulia kwamba baadaye Mwambambe alitafuta msaada kwa Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu. Hapo wenzangu wa Itigi watege masikio, kwa kuwa sehemu ya nchi hiyo ya Wakimbu imo katika mkoa wetu huu wa Singida. Mambo yalimalizwa mahali palipoitwa Ilundamatwe, ambapo Mwambambe aliuawa. Maana ya jina hilo ni mahali vilipolundikwa vichwa. Tazameni, hawa watu hawakuandika tarehe, lakini waliandika vita juu ya ardhi yenyewe, na jina limesalia.

Mkwawa alipokwisha kukaa imara alifanya kama baba yake, na zaidi. Majeshi yake yalivuka Ruaha yakaingia Usagara na Ugogo, yakateka ng'ombe na watu. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa na Ugogo, kisha ikaingia msitu wa Mgunda Mkali, ule tunaoupita sasa kwa gari moshi kati ya Manyoni na Tabora. Wenye misafara waliyasikia majina mawili kwa hofu: Mirambo mbele yao, na Wahehe ubavuni.

Sitaki kuificha habari hii. Siku ile ya 17 Agosti, mwenzetu mmoja Mgogo, kwao Manyoni, alisoma swali la ubaoni akasema kwamba bibi zake hawakumkumbuka Mkwawa kama shujaa, ila kama sababu ya kulala na ng'ombe ndani ya tembe huku mlango umefungwa. Baadhi yetu walimcheka. Mimi naona alisema kweli, na ni kweli inayostahili kukaa katika kitabu kimoja na ile nyingine. Mtu aliyewapiga Wajerumani ndiye yeye aliyewanyang'anya majirani zake, wala hatupati mmoja bila mwenzake.

Sasa nije kwa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, waliinuka juu ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuwatawala. Mmoja wa watu wa kampuni hiyo kule Pangani alikuwa Emil von Zelewski, mtu mkali asiyejali heshima ya wenyeji, na ukali wake ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha moto ule. Watu wa pwani walimpa jina la Nyundo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na baada ya muda si mrefu Nyundo akawa mkuu wa jeshi lote la Wajerumani katika nchi yetu.

Katikati ya mwaka 1891 Zelewski alitoka pwani kwenda kumtiisha Mkwawa. Alikuwa na Wazungu 13 pamoja naye mwenyewe, askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani na Wazulu, na wapagazi zaidi ya 100, tena mizinga na bombomu zilizofungwa juu ya punda. Njiani alichoma vijiji. Hakutuma watu wa kutosha kupeleleza mbele. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipopotea hata kabla ya kuiona Uhehe, kwa kuwa alikwisha kuamua moyoni kwamba watu wenye mikuki hawana la kumfanya.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 msururu wake ulikuwa ukipanda njia nyembamba mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya Iringa. Askari walikwenda mmoja nyuma ya mwenzake, bunduki nyingi hazikuwa tayari, na bombomu zilikuwa bado mgongoni mwa punda. Wapiganaji wa Mkwawa, kama 3,000, walikuwa wamejificha majanini na nyuma ya mawe pande zote. Husimuliwa kwamba walikuwa wameagizwa wangoje mlio mmoja wa bunduki, na kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimpiga risasi ndege aliyeruka, nao wakadhani hiyo ndiyo alama. Waliinuka wote pamoja. Askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga hata risasi ya pili. Zelewski mwenyewe alichomwa mkuki juu ya punda wake, na habari za Wahehe husema aliyemchoma alikuwa kijana mdogo tu, umri wake kama wa sisi wa kidato cha tatu. Kazi yenyewe ilichukua dakika chache. Wazungu 10 walikufa, askari kama 250, na wapagazi karibu 100. Waliosalia walijikusanya nyuma pamoja na Luteni von Tettenborn, wakarudi pwani kwa taabu kubwa.

Ubaoni jawabu la swali lile lilikuwa neno moja, Lugalo, na aliyelijibu alipata daftari lake. Lakini ushindi huo uligharimu. Bunduki na mizinga ya nyuma ilipigwa pia, na Wahehe kama 60 walikufa pale pale, na majeruhi wengi walikufa baadaye. Nchi ndogo ikipoteza mamia ya vijana wake kwa asubuhi moja hulia, hata kama imeshinda. Yasemwa kwamba Mkwawa alikataza maombolezo ya wazi, adui asije akajua.

Ikawa sasa Mkwawa ana bunduki za kutekwa karibu 300 na jina lililofika mpaka Berlin. Mwaka 1892 watu wake wakakivamia kituo cha Wajerumani karibu na Kilosa. Kwa upande mwingine alikuwa akiimarisha makao yake ya Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo. Alikwisha kuzungusha ukuta mkubwa wa mawe na udongo, wenye urefu wa kilomita kadhaa, wenye minara ya walinzi. Wajerumani walioiona walistaajabu kuikuta ngome kama hiyo katikati ya bara.

Hapa nina neno langu. Lugalo ilishindwa na watu waliokuwa hawaonekani. Kalenga ilikuwa ni kitu kinachoonekana kutoka mbali, na kinachoonekana hupigwa mizinga. Nimemwuliza mwalimu wetu wa historia, naye ana mawazo tofauti: asema mtawala mwenye akina mama, watoto, ng'ombe na akiba ya chakula hawezi kuyaficha yote majanini. Huenda ndivyo. Hata hivyo, gavana von Schele alipofika mwishoni mwa Oktoba 1894 na jeshi kubwa kuliko lile la Zelewski, alipanga mizinga yake kilimani akaipiga ngome kwanza, kisha tarehe 30 Oktoba askari wake wakavunja ukuta na kuingia. Wahehe walipigana nyumba kwa nyumba. Jioni Kalenga ilikuwa mikononi mwa Wajerumani pamoja na pembe za ndovu na baruti nyingi. Mkwawa hakuwamo. Alikuwa amekwisha kutoka.

Miaka minne iliyofuata haina tarehe hata moja ya ubaoni, nami naiona ndiyo mikubwa kuliko yote. Mkwawa hakuwa tena na ngome wala jeshi la maelfu. Alikuwa na watu wachache waliohama usiku kwa usiku, mara bondeni, mara milimani, wakishambulia doria na kutoweka. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, aliyejulikana na watu kwa jina la Bwana Sakarani, alijenga boma mahali ambapo sasa ni mji wa Iringa, akaanza kuigawanya nchi. Merere wa Wasangu alirudishiwa nchi yake ya zamani. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alikubali kuwekwa mtawala chini ya Wajerumani. Haikupita miezi mingi wakamshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri, wakamnyonga mwezi Februari 1897. Halafu Wajerumani wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Msomaji apime mwenyewe rupia 5,000 zilikuwa kitu gani kwa mtu ambaye ghala lake limechomwa na ng'ombe wake wamechukuliwa. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa viliadhibiwa, mashamba yakaharibiwa, njaa ikaingia. Na bado chakula kiliachwa porini mahali anapoweza kukikuta, na doria zilipofika watu hawakuwa wameona kitu. Watu wa namna hiyo, majina yao hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Sisi wa Singida tunaye angalau Liti Kidanka, mama wa Kinyaturu ambaye husimuliwa aliwapiga Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini umepewa jina lake. Lakini yule mama wa Uhehe aliyeacha kibuyu cha uji chini ya mti mwaka 1897 hana uwanja.

Kufika Julai 1898 Mkwawa alikuwa amechoka na mgonjwa, na wafuasi wamebaki wawili watatu. Doria ya Sajini Meja Johann Merkl ilimkamata kijana mmoja aliyekuwa akimtumikia, naye akawaongoza mpaka Mlambalasi, mahali penye miamba. Tarehe 19 Julai 1898 askari walinyemelea wakaona watu wawili wamelala karibu na moto. Merkl alipiga bunduki, risasi ikaingia kichwani. Walipokaribia walikuta Mkwawa alikwisha kufa kabla yao, kwa mkono wake mwenyewe. Alimpiga kwanza kijana aliyebaki naye, kisha akajipiga. Hakutaka kushikwa hai. Merkl aliamuru kichwa kikatwe kipelekwe Iringa, ili zawadi ilipwe na watu waamini. Kiwiliwili kilizikwa pale Mlambalasi.

Kwa hiyo siku ya kufa kwake yajulikana, na ya kuzaliwa haijulikani. Sababu yake ni hii: siku ya kufa iliandikwa na mwenye kumwinda. Jambo hili limenifikirisha tangu nianze kazi ya ubao. Tarehe zote tatu za muhula huu zimetoka katika taarifa za maofisa wa Kijerumani, nazo ni siku ambazo wao walipata hasara au faida. Tena hata kalamu ya mgeni si ya kuaminiwa kila mara. Henry Morton Stanley aliandika katika kitabu chake kwamba alimkuta Livingstone kule Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, na ubao wetu huiuliza kila mwaka, ingawa wanaoichunguza safari yake wameonyesha kwamba homa ilimpotezea hesabu ya siku na kwamba alifika mapema zaidi.

Habari za Mkwawa zingekwisha Mlambalasi, lakini kichwa chake kilikuwa na safari ndefu. Wahehe waliamini kimepelekwa Ujerumani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wahehe wengi waliwasaidia Waingereza, na vita vilipokwisha Horace Byatt, mkuu wa serikali mpya ya Kiingereza hapa, alishauri kichwa kirudishwe, kwa sababu kingewafurahisha Wahehe na kuwaonyesha kwamba utawala wa Wajerumani umekwisha. Ndivyo jina la Mtwa wa Uhehe lilivyoingia katika Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Katika kifungu cha 246, pamoja na agizo la kurudisha Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hejaz, Ujerumani iliamriwa kukitoa kichwa cha Mkwawa katika muda wa miezi sita. Swali hili halijapata kuandikwa kwetu, kwa kuwa mwezi wa Juni tunakuwa likizo. Nami nalihesabu kuwa zuri kuliko yote, maana mataifa makubwa yamekaa mezani kugawana dunia, na katikati ya karatasi yao pana kichwa kutoka Iringa.

Wajerumani walijibu kwamba hawakijui kilipo. Miaka zaidi ya 30 ikapita. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Ujerumani mwenyewe, katika makumbusho ya mji wa Bremen, ambako yalikuwako mafuvu kama 2,000, na katika hayo mengine yametoka nchi yetu. Yalipimwa na kulinganishwa na vipimo vya kichwa cha watu wa ukoo wa Mkwawa, likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 Twining alilikabidhi Kalenga mbele ya watu wengi, akalipokea Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake marehemu. Wako wanahistoria wenye shaka kama fuvu lile ni lake hasa, kwa kuwa kipimo na tundu peke yake si ushahidi mkubwa. Nijuavyo mimi ukoo ulilipokea na ukalitunza.

Twining hakufanya hayo kwa huruma tu. Serikali yake ilitaka utii wa Wahehe na vijana wao katika polisi, wakati ambapo Kenya ilikuwa inawaka moto. Lakini mwaka huo huo wa 1954, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, na baada ya miaka saba bendera ya Twining ikashushwa. Adam Sapi alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwaka 1962, akakikalia kiti hicho kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1999.

Jina la Lugalo sasa ni la kambi ya jeshi mjini Dar es Salaam, na jina la Mkwawa ni la chuo kikuu kishiriki kule Iringa. Anayetoka kwetu kwa basi hupita Manyoni na Dodoma, akavuka Mtera, ambako mto Kizigo unaotoka upande wetu wa Manyoni huingia Ruaha. Kalenga iko kama kilomita 15 toka Iringa mjini, na katika nyumba ndogo ya makumbusho fuvu limewekwa ndani ya kioo, pamoja na silaha za zamani. Mlambalasi ni upande huo huo, mbele zaidi, na ndiko liliko kaburi la kiwiliwili. Kutoka kimoja mpaka kingine ni mwendo wa gari wa muda usiofika asubuhi moja, lakini tangu 1898 havijawekwa pamoja.